Wa Kwanza Kufika Nesvatn

Nesvatn, Minnesota
12 Oktoba 1920

Mpendwa Shangazi Gunhild,

Barua hii ikukute na nguvu zako zote na ulimi wako wote. Sisi huku hatujambo. Ngano imeingia ghalani kabla ya theluji, na mama analalamika magoti lakini kila Jumapili anamtangulia mpiga kengele kanisani. Shule yangu ina watoto thelathini na mmoja mwaka huu. Nyumbani wanasema Kinorwe, uwanjani wanasema Kiingereza, na wanavikosea vyote viwili kwa ujasiri mkubwa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juni ijayo kijiji chetu kinatimiza miaka hamsini, na kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika historia yake na ya koo zake. Wamenichagua kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sina mume wa kumpikia. Ndivyo alivyoniambia Tarjei Lognvik, mwenyekiti, akadhani amenisifu.

Mwanzo wa historia hiyo kila mtoto hapa anaujua. Juni 1871 marehemu baba yangu, kaka yako Aslak, alifika kando ya ziwa hili na wenzake watatu, magari yao yakivutwa na maksai, akachomeka fimbo ardhini na kusema hapa ndipo. Nilikwenda ofisi ya ardhi mjini kunakili tarehe tu. Lakini daftari linasema jambo jingine. Kipande cha kwanza ziwani kiliandikishwa Juni 1870, mwaka mzima kabla ya baba, na jina lililoandikwa ni Birgit Olsdatter, mwanamke asiye na mume, mwenye mtoto mmoja.

Birgit namjua. Ana miaka sabini na mitatu, anakaa ng'ambo ya kaskazini, na mwanawe ndiye mhunzi wetu. Anazungumza kwa lafudhi ile ile ya Tveito aliyokuwa nayo baba. Kanisani anakaa benchi la mlangoni na kuondoka kabla ya kahawa. Sikuwahi kumwona baba akisimama kuzungumza naye, ila kila vuli alimpelekea kuni gari zima, yeye mwenyewe, na hakutuambia kwa nini.

Nilimwendea. Alinipa kahawa na habari za nzige wa zamani. Nilipomuuliza alifikaje hapa akasema, "Kwa miguu," akainuka kuwalisha kuku.

Shangazi, wewe uliishi Tveito miaka hiyo. Birgit alikuwa nani?

Wako,
Ragnhild


Tveito, Telemark
20 Novemba 1920

Ragnhild wangu,

Nimefurahi kusikia kwamba mama yako bado analalamika. Siku akinyamaza ndipo muite daktari. Hapa viazi vilikuwa vidogo lakini vingi. Tuna mchungaji mpya, kijana, anaimba kwa pua. Mpwa wangu Halvor anaendesha shamba vizuri na ananiomba ushauri kila siku, kisha anafanya atakavyo.

Nimekuandikia majina ya ukoo kwenye karatasi ya pili, kuanzia Tov aliyejenga ghala la magogo mwaka 1714, wake zake watatu, wanawe, na waliokufa kwa kuzama na kwa ndui. Yanakili vizuri. Wa Tveito hatukuwa watu wakubwa, lakini tulijulikana.

Kuhusu huyo Birgit, wasichana wa kazi walipita wengi hapa, na nusu yao waliitwa hivyo. Sikumbuki. Andika habari za kaka yangu na plau yake. Kitabu cha sherehe si kitabu cha mahakama.

Shangazi yako,
Gunhild


Nesvatn
6 Januari 1921

Mpendwa Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, na asante kwa majina. Nimeshangaa kidogo kwamba unamkumbuka mama wa ubatizo wa mke wa tatu wa Tov, ila msichana aliyekukamulia ng'ombe humkumbuki.

Habari nzito ni hii. Wiki moja kabla ya Krismasi Birgit aliteleza kwenye barafu kisimani akavunjika nyonga. Daktari alitaka alazwe karibu na mji, na nyumba yetu ndiyo iliyo barabarani, basi tukamleta kwetu. Mama alitoa chumba chake mwenyewe bila kuulizwa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amemshika Birgit mkono.

Jikoni nikambana mama. Akanieleza, huku akimenya viazi, jambo ambalo sikulisikia kwa miaka arobaini na miwili. Hakuna fimbo iliyochomekwa. Baba na wenzake walikuja Nesvatn kwa sababu Birgit alikuwa ameandika barua nyumbani kwamba ardhi ni nzuri na maji yapo. Vibanda walivyojijengea kwa mabonge ya udongo wenye nyasi viliporomoka kwa mvua ya Oktoba. Majira yote ya baridi watu kumi na saba waliishi katika nyumba ya Birgit, iliyokuwa ya chumba kimoja. Kaka yangu mkubwa alizaliwa kwenye kitanda chake.

Nilimuuliza mama, kwa nini hamkusema?

"Sisi tulikuwa wake za watu," akasema. "Yeye ana mtoto na hana mume. Kanisa lilipojengwa tukamwonyesha benchi la mlangoni. Tulikosea, halafu tukazoea."

Nimewaambia kamati kwamba kitabu kitaanza na Birgit. Mchungaji Brekkhus amesema kitabu kitakachosomwa mbele ya madhabahu hakiwezi kufunguliwa na msichana aliyezaa nje ya ndoa. Tarjei ameongeza kwamba, tukikubali mwaka 1870, sherehe imeshapita, na bendi tumeshaialika. Wamenipa hadi Pasaka nibadili nia. Sibadili.

Wako,
Ragnhild


Tveito
10 Februari 1921

Ragnhild,

Hali ya hewa si mbaya. Wote wazima.

Mtu aliyevunjika nyonga asilazwe chali kutwa nzima. Mwekeeni mito mgongoni. Atasema haumwi, msimwamini, hata akicheka. Mpikieni uji wa malai mzito, uelee siagi, na mkae naye mpaka amalize, vinginevyo atawagawia wengine. Miguu yake ipate moto. Daima alikuwa na miguu baridi.

Na sikio la kushoto la Olav, bado linamsumbua baridi ikizidi? Likimuuma atiwe mafuta ya vuguvugu, si ya moto.

Niandikie upesi alivyo.

Gunhild


Nesvatn
14 Machi 1921

Mpendwa Shangazi,

Birgit anaendelea vizuri. Anakaa kitini saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, na ameanza kumkosoa mama anavyokanda mkate, kwa hiyo tunajua atapona.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mimi ni mwalimu, naweka nakala za barua zangu zote, na nimezipitia. Nilikuandikia kwamba Birgit ana mwana na kwamba ni mhunzi. Jina lake sikukutajia. Sikio lake ndiyo kabisa. Ni kweli Olav hasikii kwa sikio la kushoto. Watu wote hapa tunadhani ni nyundo iliyomharibu.

Nilimsomea Birgit barua yako. Nilipofika kwenye sikio aliomba nirudie. Nikarudia. Kisha akaomba nifungue dirisha, nje theluji imefika kiunoni. Alikaa akivuta hewa ile muda mrefu. Nilipomuuliza kulikoni alinijibu maneno machache tu: "Muulize shangazi yako. Aliyeahidi kunyamaza ni mimi. Yeye hakuahidi."

Nina ninachokidhani, lakini sitakiandika kabla yako. Umenifundisha majina ya watu wa miaka mia mbili. Nifundishe na hili. Sitavunjika.

Wako,
Ragnhild


Nesvatn
9 Mei 1921

Mpendwa Shangazi,

Pasaka imepita, na barua yako sijaiona. Natumaini ni meli iliyochelewa, si afya yako.

Kamati nimeiambia kitabu kitaanza na Birgit au watafute mwandishi mwingine. Wamezunguka kijiji kizima na hawakumpata anayejua kuandika jina la wilaya yetu bila kukosea. Kwa hiyo naendelea. Mchungaji hanisalimii tena barabarani, ila mkewe amekuja kumwona Birgit mara mbili na soksi za sufu.

Birgit anatembea kwa mikongojo. Sherehe ni tarehe 19 Juni. Haulizii barua yako, lakini mtu wa posta akipita anageuza kiti.

Wako,
Ragnhild


Tveito
11 Mei 1921

Ragnhild wangu,

Huenda barua hii na nyingine yako zinapishana baharini. Meli haina kosa. Nimeianza hii mara nyingi na kuitia motoni. Leo Halvor na mkewe wameenda kupanda, niko peke yangu mezani, na nitaimaliza.

Olav nimemzaa mimi.

Vuli ya mwaka 1867 mpima ardhi wa serikali alilala hapa wiki tatu. Hakuniahidi kitu, na mimi sikumuuliza kitu. Alikuwa ameshaondoka nilipojua nina mimba. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa na shamba na jina. Nilivaa sketi nzito na kunyamaza. Juni tulipopeleka ng'ombe malisho ya mlimani tulipanda watu wawili tu, mimi na Birgit, msichana wetu wa kazi, binti wa mpangaji aliyekuwa na kibanda ukingoni mwa shamba letu. Tulikuwa tumekua pamoja. Agosti Olav alizaliwa kule juu, na Birgit ndiye aliyempokea. Alikuwa na miaka ishirini na moja na alikuwa amezalisha ndama tu.

Septemba tukashuka. Nilikuwa nimembeba mtoto mimi. Tulipofika darajani, mahali ambapo nyumba za watu zinaanza kuonekana, Birgit alisimama, akaweka chini ndoo za siagi.

"Wewe una shamba la kupoteza, Gunhild," akasema. "Mimi sina hata kuku. Nipe."

Nikampa.

Hakuna aliyenilazimisha, Ragnhild. Hilo ndilo lililonishinda kuandika, si lile la kwanza. Ningeweza kusema hapana, na sikusema.

Mchungaji wa wakati ule aliandika jina la Birgit kwenye kitabu cha ubatizo, na Birgit akasimama mbele ya kanisa zima akakemewa kwa ajili yangu. Watu walianza kunong'ona kwamba baba wa mtoto ni kaka yangu Aslak. Aslak alijua ukweli, akawaacha wanong'one. Sasa unajua zile kuni zilikuwa za nini.

Miezi saba nilimnyonyesha katika chumba cha maziwa, mlango tumeufunga kwa komeo. Ndipo nilipolijua lile sikio. Masika baba yangu, aliyekuwa ameanza kuona mtoto anafanana na nani, alimkatia Birgit tiketi ya Amerika, yake na ya mtoto. Niliwasindikiza mpaka lango la shamba. Zaidi ya hapo sikuruhusiwa, na sikupigania.

Watu watatu walikuja kuniposa. Niliwarudisha wote, na ukoo ukasema nina kiburi.

Sasa andika. Liweke jina langu hapo, Birgit atoke kwenye benchi la mlangoni kabla hajafa. Nina miaka sabini na mitano, siogopi kanisa wala majirani. Na mchungaji wetu huyu anayeimba kwa pua nitamwendea afute jina lililoandikwa ubatizoni aandike langu. Lakini kwanza msomee Birgit barua hii yote. Lolote atakalosema yeye, ndilo liwe.

Gunhild


Nesvatn
27 Juni 1921

Mpendwa Shangazi,

Barua yako ilifika tarehe 4. Nilimsomea Birgit bustanini, tukiwa wawili, sikuruka neno. Aliposikia la darajani alitikisa kichwa na kusema ndoo zilikuwa za jibini, si za siagi. Nikasoma hadi mwisho.

"Mwambie Gunhild nimemsikia," akasema. "Na mwambie hapana."

Nikamuuliza hapana ya nini. Hapo ndipo aliponipa maneno yake, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Miaka hamsini na miwili mimi ndiye mama wa Olav. Nimemvusha bahari akitapika kifuani kwangu. Nzige walipokula mpaka mapazia nilimfunika chini ya meza na kumlalia. Sasa nisafishwe jina kwa kunyang'anywa mtoto? Wakitaka kunikalisha mlangoni, wanikalishe. Kitabu cha kanisa kule nyumbani kiachwe kilivyo. Na hiki chako kiseme nilifika na mwanangu, basi."

Nilidhani amemaliza. Akaongeza, taratibu zaidi, kwamba Olav lazima ajue, na atakayemwambia ni yeye.

Olav alikuja siku ya pili na ngozi yake ya kazi kiunoni. Nilitoka nikaenda kuanika nguo. Kupitia dirishani nilimwona ameketi kwenye kigoda, mtu mkubwa vile, amegeuza sikio la kulia kwa mama yake. Hakuinuka kwa muda mrefu. Alipotoka alisimama karibu na kamba ya nguo.

"Kumbe sisi ni binamu," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Basi lile lango lako nitalitengeneza. Nimechoka kulitazama." Akaenda kuleta vifaa, akafanya kazi hadi jua likashuka, na mara mbili nilimwona akijifuta uso kwa mkono uliojaa masizi. Kabla hajaondoka aliuliza safari ya kuja Tveito inachukua siku ngapi. Anataka kuja Mei, mama yake akiwa na nguvu za kubaki nami. Birgit ameridhia. Amesema, "Mwache aende akamwone. Atarudi." Hakusema kama anayeomba.

Sasa sherehe. Kanisa lilijaa mpaka ngazi. Niliomba nisome ukurasa wa kwanza, na Mchungaji Brekkhus akaniachia mimbari kama anayeachia jino. Nikasoma kwamba wa kwanza wa watu wetu kuweka makao Nesvatn ni Birgit Olsdatter, Juni 1870, pamoja na mwanawe Olav. Nikasoma pia sentensi aliyonidai mwenyewe, kwamba alipofika alikuta majivu ya mioto ya Wadakota, wenyeji wa nchi hii, ufukweni, na kwamba hakuwa wa kwanza ila kwetu sisi. Kisha nikasoma habari za watu kumi na saba.

Mtu mmoja akakohoa. Halafu mama yangu, ambaye hajawahi kusema kitu kanisani zaidi ya amina, akasimama na magoti yake yale.

"Mimi nililala humo," akasema. "Aliyelala humo na bado yu hai, asimame."

Walisimama wazee watatu. Baada yao, polepole, akasimama Tarjei Lognvik, mwenyekiti wetu, aliyekuwa na miaka mitatu majira yale. Alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini alisimama wima.

Mama alikwenda mlangoni kumchukua Birgit amlete mbele. Birgit akakataa. Alisema benchi lile ameshalizoea, lina hewa. Basi mama akakaa naye hapo hapo, na mke wa mchungaji akawafuata, na tulipomaliza wimbo wa mwisho benchi la mlangoni lilikuwa halina nafasi. Alikunywa kahawa na watu. Alikunywa vikombe vinne.

Wako,
Ragnhild


Tveito
30 Julai 1921

Ragnhild wangu,

Asante kwa barua, na mwambie mama yako kwamba nilimdharau alipoolewa na kaka yangu na kwamba nilikosea.

Hapana ya Birgit nimeipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi. Nililia, sitakuficha, halafu nikaenda kugeuza majani ya mifugo yaliyoanikwa, maana mvua ilikuwa juu ya mlima na haimngojei mtu. Nikiwa pale shambani na reki yangu niliona kwamba ana haki. Nilitaka kumlipa kwa kumchukulia alicho nacho. Kwa mchungaji sitakwenda. Kitabu kitabaki na jina lake.

Mwambie Olav aje Mei kama alivyopanga. Reli inafika karibu siku hizi, na Halvor atamngoja kituoni na gari la farasi. Nampakia rangi chumba cha mashariki, rangi ya bluu, kwa mkono wangu, kwa sababu Halvor anapaka kama anayepiga mbwa. Usimwambie Olav niko namna gani. Ataona.

Jambo moja zaidi. Alhamisi chama cha akina mama kilikutana hapa kwangu, wanawake kumi na wanne na sindano zao. Waliona makopo ya rangi barazani, na mke wa karani akauliza ni mgeni gani huyo anayepakiwa chumba rangi. Ningeweza kusema ni mtoto wa msichana aliyetufanyia kazi zamani. Lisingekuwa uongo, na wangeendelea kufuma.

Niliweka chini birika, nikawaambia: "Ni mwanangu. Mama yake yuko Amerika."

Shangazi yako,
Gunhild